Baraza likijadili tabianchi, mkononi lina nini?

Nunua umeme wa shilingi 10,000 kwa simu, halafu usome ujumbe wote unaorudi, usiishie kwenye zile namba ishirini za tokeni. Kwa mteja wa kawaida wa Dar es Salaam zinatoka yuniti 28 hivi. Chini yake kuna mistari ambayo wengi wetu hatuna habari nayo: VAT, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1. Na kama mita ina deni la mwezi, utaona kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa humo humo kwenye Luku. Mpangaji wa Tandika ndiye anayelipa, mwenye nyumba yuko zake Kibaha.

Ujumbe huo mfupi unamtaja karibu kila mwenye sauti kwenye umeme wa jiji hili: TANESCO anayeuza, EWURA anayepanga bei, wakala wa umeme vijijini anayechangiwa, Hazina inayopokea. Halmashauri haimo. Hata hiyo kodi ya jengo, ambayo zamani watu wa halmashauri waliizungukia nyumba kwa nyumba na vitabu vyao vya stakabadhi, sasa inapita kwanza mikononi mwa Serikali Kuu.

Kwa hiyo ukisikia Baraza la Madiwani limekaa kujadili mpango wa jiji wa tabianchi na nishati, una haki ya kuuliza: litapanga nishati ipi, wakati swichi iko kwa mwingine? Nimeyafuatilia mambo haya kwa muda, na jibu langu ni kwamba baraza lina vitu vichache, havina mvuto wa kupigiwa picha, lakini vina uzito kuliko vile vinavyotajwa kwenye hotuba. Takataka. Majiko. Vibali vya ujenzi. Kingo za mito. Paneli za sola zipo, ila mwisho wa foleni.

Jiji lipi hasa?

Mkoa wa Dar es Salaam, wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Linaloitwa Jiji leo ndiyo Ilala ya jana. Hadi Februari 2021 kulikuwa na Halmashauri ya Jiji nyingine, iliyokaa juu ya manispaa zote na kushughulikia mambo yanayovuka mipaka yao, dampo likiwa mojawapo. Rais Magufuli akaivunja, Ilala ikapandishwa hadhi na kuchukua jina. Mkazi wa Mbagala anayesema "sisi watu wa Jiji" kisheria anaitaja halmashauri ya jirani.

Jina lingekuwa jambo dogo kama tabianchi ingefuata mipaka ya manispaa. Mpango wa tabianchi ambao Dar es Salaam iliuandaa kama mwanachama wa C40, mtandao wa majiji makubwa ya dunia, unaanzia 2020 hadi 2050, na lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka huo wa mwisho jiji lisiwe linaongeza gesijoto angani kuliko zinavyoondolewa. Ulianza kusukwa wakati ile Halmashauri ya Jiji ya zamani, mratibu wa manispaa zote, bado ipo. Mratibu akaondoka, mpango ukabaki, na halmashauri tano kila moja ina meya wake, mkurugenzi wake na bajeti yake.

Simama Jangwani utaona maana yake. Ukingo mmoja wa Mto Msimbazi ni wa Jiji, ng'ambo kule Magomeni ni Kinondoni, na maji yenyewe yametoka vilima vya upande wa Kisarawe, ambako ni mkoa mwingine kabisa. Jiji likizibua upande wake likaacha wa pili, mto hauchagui.

Kuna maneno mawili ambayo wataalamu huyatupa barazani na kuwaacha waheshimiwa wakitazamana: kupunguza na kuhimili. Kupunguza ni kubana gesi zinazoipasha joto dunia, zile zinazotoka kwenye mafuta, mkaa na taka zinazooza. Kuhimili ni kujipanga na madhara ambayo yameshafika: mvua inayomwagika yote kwa siku mbili, joto la Februari, bahari inayokula ufukwe. Diwani akisikia "kupunguza" anaona jambo la Umoja wa Mataifa. Akisikia "kuhimili" anauona mfereji wa kata yake, na mkono unanyooka.

Halafu huulizwa swali ambalo mimi naliona halali kabisa: kwa nini sisi, ambao mchango wetu kwenye uchafuzi huu ni mdogo kiasi hiki, tupunguze? Tanzania imejiandikia kimataifa kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiasi ambacho kingetoka kama tusingefanya lolote. Nchi ikiahidi, jiji kubwa kuliko yote haliwezi kukaa pembeni. Lakini ukiniuliza mimi, sababu nzuri zaidi iko karibu na nyumbani. Yale ambayo Dar es Salaam ingeyafanya kupunguza gesi ni yale yale ambayo tungeyataka hata kama neno tabianchi lisingekuwapo: taka zisilale barabarani, mama asivute moshi jikoni.

Hoja inavyosafiri

Mabaraza yako wazi kwa wananchi. Ukikaa nyuma ukatulia, utashangaa jinsi mambo yanavyokwenda haraka. Taarifa ya mazingira yenye kurasa arobaini inapita kwa dakika chache, mtu anaunga mkono, Mstahiki Meya anawahoji, "wanaoafiki waseme ndiyo." Mgeni atadhani watu hawakusoma. Wengine kweli hawakusoma. Ila kazi ilishafanyika kwingine: hoja imeanzia kwa wataalamu wa mazingira, ikapita kwa menejimenti ya mkurugenzi, ikajadiliwa kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na ikiwa inagusa pesa ikapelekwa Fedha na Utawala. Baraza zima, ambalo hukaa kila robo mwaka, linakuja kugonga muhuri au kurudisha nyuma.

Kamati ya Fedha ndiko mipango mingi ya tabianchi inakofia, tena bila kelele. Hakuna anayesimama kusema "napinga mazingira." Kinachotokea ni kwamba Hazina na TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, wameshatoa ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho halmashauri haiwezi kukivuka. Ndani ya ukomo huo kuna madarasa, zahanati, vyoo vya shule, posho, na yale maelekezo ya kitaifa yanayokuja na tarehe. Mpango wa tabianchi unaposema "kuimarisha usimamizi wa taka" bila kuonyesha kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti, mhasibu hana pa kuuandika. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, bajeti inaanza kupikwa miezi mingi kabla, inapita Kamati ya Ushauri ya Mkoa, inakwenda TAMISEMI, inamalizikia bungeni Dodoma. Hoja iliyochelewa Desemba imechelewa mwaka mzima.

Na hata baraza likiwa na nia na pesa, linazungukwa na wenye mali. Barabara za mitaa ni za TARURA tangu 2017. Barabara kuu ni za TANROADS. Mabasi ya mwendokasi yana wakala wake chini ya TAMISEMI. Leseni za daladala ni LATRA. Maji ni DAWASA, na mto wanakoyachota una bodi yake ya bonde. Mwekezaji akichafua, mwenye rungu ni NEMC, msimamizi wa mazingira wa taifa. Siwalaumu walioyagawanya hivi, kila wakala una historia yake. Lakini mwananchi wa Tabata ambaye mtaro umefurika hadi sebuleni hajui hayo. Anamjua diwani, na namba ya simu ya diwani anayo.

Twende Pugu

Kitu ambacho hakuna anayebishana na halmashauri juu yake ni takataka. Hakuna wakala wa taifa aliyewahi kuzitaka.

Makadirio yanayotumika mara nyingi ni kwamba Dar es Salaam inazalisha zaidi ya tani 4,000 za taka kwa siku, na sehemu kubwa haifiki dampo. Dampo lenyewe ni Pugu Kinyamwezi, kilomita thelathini hivi kutoka Posta. Lori la taka kutoka Bunju linavuka jiji zima, linapambana na foleni, na likifika linakuta foleni nyingine ya malori wenzake, hasa mvua ikishaigeuza njia ya dampo kuwa tope. Kwa siku litafanya safari moja, likijitahidi sana mbili. Ndiyo maana kijana wa guta aliyechukua mfuko wako asubuhi, ukiwa umempa buku lako, anajua shimo la karibu zaidi kuliko Pugu. Mara nyingi shimo hilo ni mto.

Sasa tabianchi inaingia hapa. Zaidi ya nusu ya kilicho ndani ya mifuko ile ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na mihogo, mabua ya mahindi ya kuchoma, mboga zilizochacha za Mabibo na Ilala Sokoni. Vikirundikwa mlima mrefu hadi hewa isipite chini, vijidudu vinavyovila vinatoa methani. Gesi hii haikai angani muda mrefu kama kaboni dayoksidi, lakini ikiwa huko ni kali. Ukipima kwa miaka 100, tani moja ya methani inapasha joto mara 28 hivi ya tani ya kaboni dayoksidi. Ukipima kwa miaka 20, ni takribani mara 80. Ndiyo inayowaka yenyewe na kufukiza moshi siku nzima, na wakazi wa jirani na dampo ndio wanaouvuta.

Ganda lile lile likioza mahali penye hewa, likigeuzwa geuzwa, linakuwa mboji, na methani karibu haipo. Kwa hiyo tofauti kubwa ya gesijoto kwa jiji hili inaweza kutoka kwenye kutenganisha taka za soko kabla hazijapanda lori. Kinondoni, kwa ushirikiano wa jiji la Hamburg, Ujerumani, ambalo lina undugu na Dar es Salaam tangu 2010, ina kiwanda cha mboji Mabwepande kinachotumia taka za masoko. Naona ni moja ya vitu vichache kwenye mada hii vinavyoweza kushikwa mkononi, tena ni vyeusi na vina harufu ya udongo baada ya mvua.

Si mara ya kwanza jiji kuigusa gesi ya taka. Dampo la zamani la Mtoni, kule Temeke, lilipofungwa mwaka 2007 hivi, mabomba yalichimbiwa ndani ya taka na gesi ikavutwa na kuchomwa kwenye mwenge, chini ya utaratibu wa Itifaki ya Kyoto (mkataba wa kimataifa wa gesijoto) uliowaruhusu wa nchi tajiri kununua upunguzaji wa gesi kwetu. Madiwani wa sasa wengi hawajui hilo. Wanaposikia "biashara ya kaboni" wanafikiri misitu, kwa sababu wamesikia Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, inavyopata mabilioni ya shilingi kupitia misitu ya vijiji, na wanauliza sisi tuna msitu gani. Msitu wetu ni lile jaa.

Tatizo ni kwamba kutenganisha taka kunaanzia kwa mchuuzi, na mchuuzi hana sababu. Ukimwambia aweke maganda kwenye pipa lake na plastiki kwenye lake, halafu lori likija linamwaga yote pamoja, umemfundisha kwamba unamtania. Kwa hiyo baraza likipitisha sheria ndogo ya kutenganisha taka, usiisome sheria. Uliza malori mangapi yana vyumba viwili.

Jikoni

Kuna mama ntilie mmoja Buguruni ninakokula mchana. Ana majiko matatu. La mkaa, lenye sufuria ya maharage tangu alfajiri. La gesi, mtungi mdogo wa kilo 6, kwa ajili ya chai na chipsi mayai, yaani vitu ambavyo mteja amesimama anasubiri. Na la tatu ni la mkaa pia, la akiba, kwa siku ya watu wengi. Mtungi ukiisha unahitaji elfu ishirini na kitu kwa mkupuo. Mkaa anaununua kwa kopo, asubuhi kopo mbili, mchana moja, kadiri pesa zinavyoingia. "Mwanangu, gesi ni ya mwenye mshahara," aliniambia. Hakuwa analalamika, alikuwa ananifafanulia biashara yake.

Mtu anayepanga nishati ya jiji akiwa na takwimu za umeme peke yake hamuoni mama huyu, na yeye ndiye nishati yenyewe. Dar es Salaam ndiyo soko kuu la mkaa nchini. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania unaishia hapa. Unakatwa Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi, unaingia usiku kwa malori na alfajiri kwa pikipiki zenye magunia hadi juu ya kichwa cha dereva. Miti inaondoka huko, moshi unabaki huku.

Mei 8, 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupika kwa nishati safi mwisho wa kipindi hicho. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikuwa zimeshaambiwa ziachane na kuni na mkaa. Hapo ndipo halmashauri inapogeuka kutoka mtazamaji kuwa mhusika, kwa sababu shule za msingi, sekondari na vituo vya afya viko chini yake. Jiko la shule ni mali ya baraza. Mkurugenzi anaweza kujua leo hii ni shule ngapi zina jiko la gesi, ngapi bado zina mafiga matatu chini ya mwembe, na kubadilisha shule kumi kunagharimu nini.

Kuna jambo la umeme hapa ambalo watu wengi hawaamini hadi waone. Tumezoea kwamba kupika kwa umeme ni anasa, kwa sababu tunalikumbuka lile jiko la koili linalomeza yuniti. Jiko la presha la umeme ni kitu kingine: linafunga mvuke ndani, limezungushiwa kizuia joto, na likishafika presha linajizima na kuwaka kidogo kidogo. Nusu kilo ya maharage inaiva ndani ya saa moja kwa chini ya yuniti moja. Yuniti, kwa hesabu ya ule ujumbe wa Luku, haifiki shilingi 400. Linganisha mwenyewe na kopo za mkaa zinazokwenda kwenye maharage ya saa tatu. Ugumu uko kwenye kununua jiko lenyewe, na kwenye nyumba za kupanga ambako watu sita wanachangia mita moja na kila mwisho wa wiki kuna kesi ya nani kamaliza umeme.

Na umeme wenyewe umebadilika. Tangu 2004 gesi ya Songo Songo imekuwa ikiwaka Ubungo, baadaye ikaja mitambo ya Kinyerezi. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, uliingia kwenye gridi. Mitambo yote tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Sehemu kubwa ya umeme unaotufikia sasa ni wa maji. Kwa hiyo nasema jambo ambalo wauza paneli hawatalipenda: ukiwa na milioni ishirini na shule moja, kuitoa jikoni kwake kuni na mkaa kunapunguza gesi nyingi kuliko kuifungia sola darasani. Sola ina kazi yake nzuri, hasa zahanati yenye friji ya chanjo siku gridi ikianguka kama ilivyoanguka nchi nzima Aprili 1, 2024. Lakini hiyo ni kuhimili. Tusiichanganye na kupunguza, kwa sababu zinalipiwa na wafadhili tofauti.

Kalamu ya kibali

Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam, na waliookolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Baadhi yao walirudi. Mabwepande ilikuwa mbali na vibarua vya Kariakoo, na nauli ni hesabu ya kila siku, mafuriko ni ya mara moja moja. Tangu hapo Jangwani imefurika mara nyingi kiasi kwamba kufungwa kwa barabara ya Morogoro kumekuwa habari ya kawaida, na karakana ya mwendokasi, iliyojengwa humo humo bondeni, imelala majini zaidi ya mara moja. Mwendokasi wenyewe ni wa kujivunia. Ulianza 2016 na mwaka 2018 ukaipa Dar es Salaam tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Ila karakana bondeni, hapana. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, unaihamisha, unajenga daraja la mita 390 na unaligeuza bonde kuwa bustani ambayo mto unaruhusiwa kufurika.

Hayo ni makubwa, ni ya Serikali Kuu. Cha halmashauri ni kidogo na cha kila siku: nani anapewa kibali cha kujenga, na wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Nenda ukapime Mto Mbezi. Kuna nyumba za ghorofa mbili zenye uzio ndani ya mita kumi, zina mita ya Luku, na zina kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi. Chini yake vijana wanachimba mchanga wa kujengea nyumba nyingine, kingo zinamomonyoka, na kila masika ukuta wa mtu unakwenda na maji. Sehemu kubwa ya jiji imejengwa bila kupimwa, kwa hiyo kibali kinawagusa wachache. Lakini hao wachache ndio wenye majengo makubwa.

Na hapo kuna nishati iliyofichika. Tembea Posta mchana wa Januari utazame majengo mapya: vioo kutoka chini hadi juu, madirisha hayafunguki, na nyuma yake viyoyozi mia vikipuliza joto barabarani. Wazee waliojenga Ilala na Kariakoo waliujua mji huu vizuri zaidi. Paa lilitokeza nje, korido katikati ilipitisha upepo, na mbele ya nyumba kulikuwa na baraza, ambapo watu walikaa jioni pakiwa pamepoa. Baraza la madiwani linaweza, kwa sheria ndogo na fomu ya kibali, kudai kivuli, madirisha yanayofunguka na tanki la kuvunia maji ya mvua. Halihitaji mfadhili wala ruhusa ya TANESCO. Linahitaji mkaguzi asiyechukua bahasha, na hilo, nakubali, halina kasma.

Pesa

Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa nne, nne na mbili, bila riba. Utaratibu huo ulisitishwa 2023, ukarejea 2024. Kwa maoni yangu ndiyo mfuko wa tabianchi ulio karibu zaidi, ingawa hakuna anayeuita hivyo. Kikundi cha kuzoa taka kikikopa kirikuu, kikundi cha mama lishe kikikopa majiko ya umeme, kazi imefanyika bila kusubiri mkutano wa dunia wa tabianchi kama ule wa Dubai. Njia nyingine ni hatifungani, yaani kukopa kwa kuwauzia wawekezaji hati zenye riba. Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza ya kijani, yaani ya miradi ya mazingira, mwaka 2024, ikitafuta shilingi bilioni 53.12 na kuzipata. Lakini Tanga ina ankara za maji za kulipia riba. Halmashauri inayotaka kukopa kwa ajili ya dampo ionyeshe kwanza ada ya taka inakusanywa na inakwenda wapi.

Wiki iliyopita nilimweleza yule mama wa Buguruni habari ya mkopo wa asilimia 10 na jiko la presha. Alisikiliza huku akipakua wali. Akaniambia kikundi wanacho, kimesajiliwa, kina hadi katiba. Shida ni kwamba wanatakiwa wasipungue watano, na mmoja amehamia Chanika.

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunamtafuta wa tano," akasema, akachochea mkaa. "Mkeo anapika nini, kaka, au ndiyo hivyo unakula kwangu tu?"